Ovaroli zishonwe kwa kumwangalia fundi

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kibuye, Kisumu. Kila siku tunalaumiwa kwamba hatuvai mavazi ya kujikinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi yanayofaa. Yanayofaa kwa nani? Ovaroli nyingi tunazouziwa zina poliesta. Saa saba mchana, na joto hili la ziwani, jasho halina pa kutokea. Cheche ikitua, kitambaa kinayeyuka na kugandia ngozi. Kovu ninalo karibu na kiwiko. Pamba nzito haiyeyuki, na hupitisha hewa.

Glavu nazo ni pana mno. Msichana ninayemfundisha kazi huzivua kila akitaka kushika kipande kidogo cha chuma, na hapo ndipo anapoungua. Si ukaidi, ni vidole vyake kupwaya ndani.

Nawasihi washonaji na wenye viwanda: kabla ya kukata kitambaa, njooni mtuone tukiinama chini ya lori. Mfuko wa kifuani uwe na kifuniko, maana ulio wazi hudaka cheche. Mtupime, wanawake pia.

Fundi wa vyuma,
Kibuye, Kisumu