Simu za Wi-Fi hospitalini zinachelewa kuita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie simu za ndani zinazopigwa kupitia Wi-Fi, ambazo baadhi ya taasisi zimezifunga ili kuepuka gharama za nyaya, lakini ambazo hukaa kimya muda mrefu kabla ya kuita.

Mimi ni fundi wa mitandao. Mwaka jana niliitwa katika hospitali moja baada ya wauguzi wa wodi ya wazazi kulalamika kwamba wakimpigia daktari wa zamu, simu haiiti. Nilisimama kando ya muuguzi mmoja nikitazama saa: zilipita sekunde nane za ukimya, akakata, akapiga tena, na kusubiri kukaanza upya. Uongozi ulikuwa umeshanunua intaneti yenye kasi zaidi bila mafanikio, kwa kuwa simu ya wodi hadi wodi haitoki kabisa nje ya jengo.

Kabla ya sauti kupita, simu hutuma kwanza ombi kwa seva, yaani kompyuta inayoziunganisha simu. Kwa kanuni za mwaka 2002 za SIP, yaani utaratibu wa kuanzisha simu kupitia mtandao, ombi lisilojibiwa hurudiwa baada ya nusu sekunde, kisha moja, kisha mbili, kisha nne. Likipotea mara nne mfululizo, sekunde saba na nusu zimekwenda. Nalo hupotea kwa urahisi palipo na msongamano: katika masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 chaneli (njia za mawimbi) zisizoingiliana zinazotumika ni tatu tu, 1, 6 na 11, na pale ruta zote zilikuwa kwenye chaneli 6, pamoja na simu za ndugu wa wagonjwa.

Tangu mwaka 2005 kiwango cha Wi-Fi kina utaratibu wa kuipa sauti kipaumbele. Kosa letu mafundi, na ninalisema kwa uchungu, ni kuipa kipaumbele sauti peke yake na kuliacha ombi la kuanzisha simu kwenye foleni moja na video. Simu ikishaunganishwa husikika vizuri, mkaguzi huridhika, na kazi hupokelewa. Tulipolihamishia ombi hilo kwenye foleni ya sauti, tukagawanya chaneli na kutenga mtandao wa wageni, simu zilianza kuita ndani ya sekunde mbili.

Naziomba taasisi zinazoagiza mifumo hii ziandike ndani ya mkataba muda usiozidiwa kutoka kubonyeza namba hadi simu kuita, na muda huo upimwe saa za kuona wagonjwa, wodi ikiwa imejaa watu, si alfajiri wakati korido ni tupu.

Fundi wa mitandao,
Mwanza