Achieng, usiifungue hiyo zipu

Luthuli Avenue, Nairobi

Kwako Achieng,

Habari za Kayole? Sisi huku tu wazima, ila wateja wamekuwa wa kubembeleza.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeipata Photoshop ya bure, imo ndani ya zipu (faili lililofungasha mafaili mengine) yenye paswadi, na kwamba hiyo paswadi ndiyo inakuhakikishia ni safi. Mwenzangu, hebu fikiria: paswadi imeandikwa peupe pale pale ulipoitoa faili. Inamfungia nani basi? Si wewe, si mimi. Inaifungia antivairasi. Zipu ikishafungwa hivyo, Gmail wala Drive haiwezi kukagua kilichomo, sawa na askari wa mlangoni anayepitisha sanduku lenye kufuli kwa kuwa hana ufunguo.

Juzi kijana mmoja aliniletea laptopu yenye mzigo wa aina hiyo. Ndani ya folda mlikuwa na setup ya zaidi ya MB 700 na kijifaili cha Notepad: paswadi ni 1234, zima antivairasi kwanza, usijali ikipiga kelele. Bila shaka walitaka izimwe, maana ukishaitoa faili kwenye zipu ndipo antivairasi inapoiona kwa mara ya kwanza. Na ule unene wote ulikuwa sifuri tupu, zimejazwa makusudi kwa sababu zana nyingi za kukagua hukataa faili kubwa. Programu aliyoitafuta haikuwemo kabisa.

Kuna programu za wizi zinazofunga picha na hati zako zote kisha zikudai pesa. STOP/Djvu, iliyoenea sana kupitia krak, yaani programu zilizovunjwa leseni, ilikuwa ikidai dola 980, nusu yake ukiwahi ndani ya saa 72. Hiyo angalau unaiona. Mimi naogopa zaidi zile za kimya kama Lumma na RedLine. Zinazoa paswadi zilizohifadhiwa kwenye Chrome pamoja na kuki (vijifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia), na mwenye kuki zako anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa ile namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa SMS. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba ndani ya miezi miwili tu iliona kompyuta zaidi ya 394,000 zenye Lumma.

Sasa itazame ile mashine ya kaunta hapo saiba yenu. Mama anakuja kufailiwa ritani ya kodi ya KRA, kijana anataka cheti cha polisi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Chrome inauliza kama ihifadhi paswadi, nanyi mnabonyeza ndiyo ili foleni isonge. Nilikuwa nimekuambia kuhusu hilo, lakini yaishe. Kitakachoibwa hapo ni cha wateja, na kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 wewe ndiye wa kujibu.

Kwa kazi za mabango na kadi za harusi, Photopea inatosha, inafunguka kwenye brauza bila kuinstoli chochote. Inkscape na GIMP pia ni za bure kihalali.

Kama tayari umeibonyeza, zima WiFi ya mashine hiyo sasa hivi. Chukua simu, ubadilishe paswadi ya Gmail ukianzia hapo, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Usifanyie hayo kwenye mashine yenyewe. Windows nitakuja kuipiga upya Jumamosi jioni nikifunga duka. Niandalie flashi tupu ya GB 8 au zaidi.

Wako,
Mutua