Shule Moja, Majina Mawili: Barua kwa Wanafunzi wa Zamani wa Marian College na Kilakala

Wadogo zangu, wanangu na wajukuu zangu,

Salamu kwenu nyote. Nimepata habari za kikao chenu, na nianze na lililonikera, salamu ndefu zitafuata tukionana. Naambiwa mmekubaliana kuandika historia ya shule yetu ya wasichana ya Morogoro, iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College na sasa ikiitwa Kilakala, jambo ambalo lilipaswa kufanyika zamani, lakini mmekwama hata kabla ya kuanza. Wakubwa wanataka kitabu cha Marian, kiishie pale serikali ilipoichukua shule. Waliosoma baadaye wanasema habari za masista ni habari za wakoloni, kitabu kianzie Kilakala. Na sasa kuna makundi mawili ya simu, kila moja na mweka hazina wake!

Nina mguu huku na huku. Mimi niliingia Marian mwaka wa uhuru, 1961. Binti yangu wa mwisho alimaliza Kilakala, na kitanda chake hakikuwa mbali na mahali nilipokuwa nalala mimi. Kwa hiyo nivumilieni, nawaambia kama mama: ile ni shule moja, na anayeikata vipande pale 1970 atapata vitabu viwili, vyote vya uongo.

Anzieni mbali. Masista wa kwanza Wakatoliki walifika Zanzibar mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 misheni ikavuka bahari ikaanza Bagamoyo. Wasichana waliolelewa pale walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Walifundishwa katekisimu, kushona, kufua na kulima, halafu wakaozwa kwa vijana waliolelewa na misheni hiyohiyo, wakapewa nyumba katika kijiji cha Wakristo. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya msichana, na kwa miaka mingi haikubadilika sana. Wavulana walipata sekondari ya St Mary's Tabora, wakapata ya Pugu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha zote mbili, na Pugu akaiacha 1955 ili aitumikie TANU. Msichana Mkatoliki mwenye akili, akimaliza shule ya kati, mlango uliokuwa wazi ulikuwa ualimu wa watoto wadogo, uuguzi, au utawa. Serikali ilikuwa na Tabora Girls, lakini nafasi zake zilikuwa chache kwa nchi nzima.

Pigeni hesabu sasa. Kutoka Bagamoyo 1868 mpaka Marian ilipofunguliwa Morogoro 1957 ni karibu miaka 90. Wakatoliki wenzangu msininunie, lakini hilo liandikwe. Ninyi mnaotaka kitabu cha sifa za misheni tu, elezeni kwanza kwa nini sekondari ya dada ilikuja nyuma hivyo ya sekondari ya kaka.

Halafu muwaandike masista kama walivyokuwa. Maryknoll ni shirika la Marekani, lilianza 1912 huko New York. Masista wake walikuja Tanganyika 1948, wakaanzia Kowak, upande wa Musoma, miaka 9 kabla ya kufungua shule yetu. Hawakutumwa na gavana. Ukiwaita wakoloni unawafungia katika boksi ambalo si lao, ingawa ni kweli walifanya kazi chini ya serikali ya Mwingereza, kwa mitaala yake na kwa mitihani iliyotungwa ng'ambo. Walitufundisha Kiingereza kwa lafudhi ya kwao, kisha wakatukumbusha kwamba msahihishaji yuko Cambridge na hana utani. Karatasi za majibu zilifungwa kwenye bahasha, zikapigwa lakiri, zikasafiri mpaka Uingereza, na sisi tukarudi vijijini kungoja miezi na miezi huku kila mtu akiuliza, "Vipi, umepasi?"

Masista wale walishika majembe na wakatengeneza mabomba yaliyoziba. Kwa sisi tuliozoea kumwona mzungu akiwa amesimama pembeni na kofia, hilo lilikuwa somo lisilokuwa kwenye ratiba. Walikuwa wakali pia. Tulisali asubuhi, tulisali jioni, na aliyechelewa alijulikana. Si kila mtoto alifurahia. Yaandikeni yote mawili.

Mlima nao usisahaulike. Kila picha ya shule ina Uluguru nyuma, na nina hakika mtaiweka kwenye jalada, lakini milima ile ina watu. Kuanzia 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ya mlimani, kwa madai ya kuzuia mmomonyoko. Wakachoka. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, watu wakapambana na polisi, na mpango ukafa. Miaka miwili baadaye, chini ya milima hiyohiyo, ikafunguliwa shule ya wasichana ambao wengi wao walitoka mbali, Waluguru wakiwa wachache. Waluguru ni watu wanaohesabu ukoo kwa mama. Ardhi inashuka kwa mama. Mzee mmoja wa pale jirani alikuwa akituuzia ndizi uani, na siku moja alituuliza kama huko kwetu mwanamke ana shamba lake. Mwenzetu wa Uchagani akasema hapana. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Basi mnasomea nini?" Nendeni mkawaulize wajukuu wa majirani wale wanaikumbukaje shule. Sijawahi kuona historia ya shule ya bweni iliyowauliza majirani.

Tulitoka mbali kweli. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa walipanda treni Mwanza, wakapita Tabora, wakapita Dodoma, wakashuka Morogoro miguu imevimba, sanduku la bati kichwani na waranti ya treni imekunjwa ndani ya soksi isipotee. Mama Getrude Mongella, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa mkutano wa wanawake wa Beijing wa 1995, na akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004, alitoka kisiwani Ukerewe. Yeye ilibidi kwanza avuke ziwa. Mnapenda kumtaja, na mna haki. Lakini mkimtaja, mtajeni na yule aliyemruhusu aondoke nyumbani. Miaka ile kumwachia binti asafiri siku kadhaa aende kwa wazungu, wakati mahari ingeweza kuwa zizini, ulikuwa uamuzi mzito. Nyuma ya kila msichana wa Marian kulikuwa na baba aliyechekwa kilabuni au mama aliyeuza kitu kimyakimya.

Na tulikuwa wachache mno. Mwaka ule nilioingia, sekondari zote za nchi zilikuwa na wanafunzi 11,832, wavulana na wasichana pamoja, na kidato cha sita kilikuwa na watu 176 tu. Ninyi mnaohitimu leo shuleni mwenu peke yenu mnaweza kukaribia hesabu hiyo ya kidato cha sita. Ndiyo maana wenzangu wa rika langu wana kiburi kidogo, wasameheni.

Sasa tufike panapouma. Machi 1967 ikatangazwa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 Bunge likapitisha Sheria ya Elimu, na mwaka 1970 shule za mashirika ya dini zikachukuliwa na serikali. Jina la Marian likaondoka, shule ikaitwa kwa jina la mahali ilipo. Kuna wenzangu ambao mpaka leo wanasema "walituibia". Mimi nililia pia, sikatai, ingawa wakati huo nilikuwa tayari nafundisha mkoa mwingine. Lakini aliyesaini sheria ile, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki anayekwenda misa, mwalimu wa zamani wa shule za misheni. Alijua alichokuwa anafanya. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa, na mtoto wa Kiislamu wa Kilwa au wa Kigoma alikuwa na nafasi ndogo kuliko mtoto aliyezaliwa karibu na parokia. Nchi haikuweza kwenda mbali hivyo. Baada ya 1970 mabinti wa Kiislamu waliingia pale kwa alama zao na kwa haki yao. Niambieni, kitabu kinachoishia 1970 kitawaweka wapi?

Ila ninyi wa Kilakala nanyi sikilizeni. Serikali haikujenga shule ile kutoka msituni. Ilikuta madarasa na maabara. Ilikuta kwamba msichana kusoma fizikia si kioja, na hilo halikuja kwa tangazo la serikali. Mchakamchaka wa alfajiri mliuongeza ninyi, mashamba mkayapanua, nyimbo za TANU zikachukua nafasi ya za Kilatini, lakini nidhamu ya kusoma jioni kimya, kila mtu na taa ya darasa lake, mliirithi. Mama Anne Makinda, Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu, alisoma pale kidato cha tano na sita katika miaka ileile ya mpito. Yeye ni wa nani, wetu au wenu? Mkianza kugawana watu namna hiyo mtafika kwenye kugawana vitanda.

Nina wazo ambalo huenda litawaudhi baadhi. Tangu 1992, makanisa na serikali walipotia saini makubaliano yao, shule za dini zimerudi kwa nguvu. Ziko nzuri sana, nazisifu, na hata ile Marian ya Bagamoyo ambayo watu huichanganya na yetu inafanya vizuri. Lakini angalieni ada. Mtoto wa mkulima wa pamba wa Ukerewe ataingia kwa mlango gani? Kilakala ya leo ni shule ya serikali ya vipaji maalumu. Anaingia mwenye alama, awe binti wa mkuu wa wilaya au wa mama ntilie. Ada ilifutwa kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu 2022. Kumchukua msichana wa mbali mwenye akili na asiye na mtu mjini, kazi waliyokuja kuifanya wale masista, naiona zaidi leo pale Kilakala kuliko katika shule nyingi zenye majina ya watakatifu. Wenzangu wa zamani, lifikirini hilo kabla ya kusema shule yetu ilikufa.

Jambo jingine, na hili nawaomba msilipitie juujuu. Katika orodha zenu mmeandika mabalozi, madaktari, mawaziri, maprofesa, na masista. Wako wapi walioondoka kabla ya kumaliza? Enzi za misheni na enzi za serikali, katika nchi nzima, msichana aliyepata mimba alifukuzwa, basi. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, nilirudi bwenini baada ya mapumziko nikakuta godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na wenzake hawaniangalii usoni. Alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Hakuna aliyelitaja jina lake tena, hata mimi sikulitaja mbele ya wakuu. Ilibidi tungoje mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ikaruhusu rasmi wasichana wa namna hiyo warudi shuleni. Hamtaandika habari za mtu bila ruhusa yake, hilo najua mnalielewa. Lakini wapo ambao wakiulizwa kwa heshima wataongea, na wengine walilea watoto waliofika mbali kuliko wa kwetu. Wapeni nafasi.

Kuhusu kazi yenyewe, ninyi ni wasomi, sitawafundisha sana. Tafuteni rejista za zamani pale shuleni kabla mchwa hajazimaliza. Andikeni barua kwa Maryknoll. Wana hifadhi ya nyaraka kule Ossining, New York, na masista walikuwa watu wa kuandika nyumbani kila mara, kwa hiyo huenda mkakuta maelezo ya siku ambazo sisi tumeshazisahau. Ulizeni pia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Dar es Salaam. Picha mlizonazo majumbani, geuzeni nyuma muandike majina kwa penseli sasa hivi, aliye kushoto na aliye kulia. Nimepewa picha ya darasa letu mwezi uliopita, watu 30 na kitu, na tuliobaki wa kuwatambua ni mimi na mwenzangu mmoja ambaye anaona kwa jicho moja.

Na wapishi, jamani. Wapishi, walinzi, fundi bomba, dereva wa lori lililotuchukua stesheni. Nusu ya malezi yetu yalitoka kwao. Mpishi wetu mkuu alijua nani hali maharage kwa sababu ya tumbo na nani hali kwa deko, na aliwahudumia tofauti. Watoto wake wako Morogoro bado. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi.

Kamati iwe moja. Waweka hazina hao wawili wakae meza moja, michango ihesabiwe, na risiti zitolewe, maana wanawake wasomi tukigombania fedha watu hufurahi sana. Mwenyekiti atoke rika la chini, mwenye miguu ya kupanda na kushuka. Sisi wazee tutakaa tuulizwe. Kwa upande wangu nipo nyumbani siku zote isipokuwa Jumatano, siku ya kliniki. Njooni na simu yenye chaji ya kutosha, kwa sababu nikianza habari za bweni siishii haraka, na mmoja wenu aje na kamusi ya nyimbo zetu kichwani, kuna ubeti wa tatu wa wimbo wa shule ambao mimi na mwenzangu tunaubishania tangu Pasaka.

Wenu katika shule ileile,
Bibi yenu wa Marian, mama yenu wa Kilakala