Mchezo wa sikoseli waanze kuucheza walimu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia. Habari ya yule dubu wa kuchezea wa Marekani, Jerry, ambaye watoto wenye kisukari humlisha, humpima sukari na kumchoma insulini, ndiyo iliyonitoa kimya. Dubu mwenyewe ni kazi nzuri. Kilichoniudhi ni mwandishi wenu kumalizia kwamba kwa shule zetu teknolojia ya namna hiyo bado ni ndoto.

Ndoto gani? Baada ya Sensa ya 2022 Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Kifaa kipo, mchezo ndio haupo.

Mwanangu wa darasa la nne ana sikoseli, ugonjwa unaopinda chembe nyekundu za damu. Yeye hahitaji dubu wa kumfundisha: dawa zake anazijua, anajua kunywa maji kabla kiu haijamshika, anajua baridi humletea maumivu. Wasiojua ni wenzake aliobanana nao darasani, na mtu mzima anayewasimamia. Msimu wa mvua uliopita, kwenye mchakamchaka, alisimama akaomba akanywe maji. Mwalimu akamwambia ni mvivu, anadeka, akampigisha magoti kwenye tope la baridi hadi wenzake walipomaliza kukimbia, huku wakimzomea kwa macho yake ya njano. Usiku ule miguu ilimuuma hata shuka halikugusika. Tukalazwa. Aliporudi shuleni, rafiki yake wa dawati moja alikuwa amehamia nyuma, kaambiwa na wazazi wake kwamba ataambukizwa. Aambukizwe sikoseli, ugonjwa ambao mtoto huzaliwa nao, kaurithi kwa baba na mama! Watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini, na bado tunaogopana kwenye madawati.

Na hayo maji yenyewe. Tunachangishwa fedha za mlinzi, za uji, za mitihani ya kila wiki, lakini bomba la shule limekauka na choo kinafungwa kwa kufuli hadi mapumziko. Mtoto wa sikoseli lazima anywe maji mengi, na kwa kuwa ugonjwa huu huathiri figo, hukojoa mara kwa mara. Aende wapi?

Naomba hivi. Vijana wetu wanaosomea kompyuta vyuoni watunge mchezo mmoja, wa Kiswahili, usiohitaji intaneti. Mtoto apewe mhusika wa kumtunza, huku akiona chembe nyekundu za damu zikipita ndani ya mshipa mwembamba. Akimpa mhusika maji na sweta, chembe zinapita. Akimkimbiza kwenye baridi bila kumpumzisha, zinapinda, zinang'ang'aniana, zinaziba njia, na mguu wa mhusika unaanza kuuma. Mchezo usiruhusu mtu kuendelea mpaka ajibu kama ugonjwa huu unaambukiza. Mhusika asiwe mtoto wa kuhurumiwa kitandani. Awe anacheza bao, anajua hesabu, ana marafiki, na ana chupa yake ya maji mezani. Dakika 10 zinatosha.

Uwekwe kwenye kila kishikwambi kabla ya tarehe 19 Juni, Siku ya Sikoseli Duniani. Mwalimu wa zamu aucheze kwanza yeye, mbele ya mwalimu mkuu, ndipo awachezeshe wanafunzi. Asiyefika mwisho wa mchezo asisimamie mchakamchaka.

Mama wa mwanafunzi,
Mwanza