Uji wa mgonjwa wa ICU uandikwe kwenye faili kama dawa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie chupa ya uji inayopokelewa kila asubuhi mlangoni mwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Ndugu wameupika kwa moyo, wameuchuja na kuupooza. Muuguzi anaupokea, unapita kwenye mpira wa puani unaofika tumboni, na jioni faili linaandikwa "amelishwa". Amelishwa nini, kiasi gani, chenye nguvu kiasi gani, hakuna aliyeandika. Dawa haipewi hivyo popote.

Tupige hesabu. Mgonjwa wa kilo 60, siku za mwanzo zikishapita, anahitaji kilokalori kama 1,500 kwa siku na protini isiyopungua gramu 72. Uji mwepesi unaopita kwenye mpira bila kuuziba una unga gramu 20 hivi na sukari vijiko viwili vya chai katika mililita 200. Hapo pana kilokalori 110, na protini haifiki gramu 2. Akipewa mara sita kwa siku anapata kilokalori 660 na protini gramu 10. Nguvu haijafika nusu, na protini ni sehemu moja kati ya saba. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Na mwili huo haukai kusubiri. Ugonjwa mkali huvunja misuli ili mwili upate cha kutumia. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa 2013 ulipima msuli wa paja kwa ultrasaundi, ukakuta umepungua kwa karibu asilimia 18 ndani ya siku 10. Chakula peke yake hakizuii upotevu huo wote, lakini njaa inauongezea kasi.

Uji unaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo, na dawa yake bibi zetu wanaijua: kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Pika uji mzito kwa unga gramu 30 na maziwa mililita 150, maji ya kufikisha mililita 200, na kijiko cha chai cha mafuta. Ukishapoa kiasi cha kunyweka, koroga kimea kidogo cha ulezi. Baada ya dakika kama 10 uji unalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Ukikitia wakati unatokota, moto unaua kimeng'enya kinachoulegeza na uji unabaki vilevile. Ukishalegea urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea hakijapikwa, kisha uchuje. Mlo mmoja sasa una kilokalori kama 245 na protini gramu 7. Mara sita kwa siku nguvu imetimia; protini iliyobaki ijazwe kwa maziwa ya unga au yai lililochemshwa likaiva na kusagwa laini. Yai bichi hapana. Uji uliokaa zaidi ya saa mbili nje ya friji umwagwe. Hospitali yenye maziwa maalumu ya kulishia kwa mpira iyatumie hayo kwanza, kwa sababu kiasi chake kinajulikana na usafi wake ni wa uhakika zaidi.

Kulisha kuanze ndani ya saa 48 tangu alazwe ICU, isipokuwa kwa mgonjwa ambaye presha bado inaporomoka licha ya dawa, au ambaye utumbo umeziba au unavuja damu. Siku tatu za mwanzo asipewe mahitaji yote, apandishwe taratibu. Aliyekaa bila kula siku tano au zaidi, aliyekonda sana au aliyezoea pombe kali ana hatari yake ya pekee. Sukari ikiingia kwa wingi, insulini, homoni inayoshusha sukari, inapanda na kuvuta madini ya potasiamu, fosfeti na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Moyo unapoteza mapigo yake, misuli ya kupumua inalegea, na watu wanasema ugonjwa umerudi. Huyo aanzie kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, apewe vitamini B1 kabla ya chakula, na damu ipimwe kila siku.

Mpira nao una makosa yake. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hakuthibitishi chochote, kwa kuwa sauti hiyo husikika hata mpira ukiwa mapafuni. Kinachotakiwa ni eksirei, au majimaji ya tumboni yapimwe kwa karatasi ya asidi na kusoma 5.5 au chini. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Uji ushuke wenyewe kwenye bomba la sindano lililoinuliwa, usisukumwe. Maji mililita 30 yapite kabla na baada, na kila dawa ipite peke yake. Halafu kuna insulini: mgonjwa anachomwa, mlo unaahirishwa kwa sababu anasubiri chumba cha upasuaji, upasuaji unasogezwa hadi jioni, na sukari inaporomoka huku hakuna anayeangalia.

Tatizo kubwa zaidi linaanza siku anapohamishiwa wodini. Mpira unatolewa haraka kwa furaha, kumbe koo lililokaa na bomba la mashine ya kupumulia halijakumbuka kumeza. Ndugu wanampa chai au maji wakidhani ni vyepesi, ilhali majimaji ndiyo yanayokimbilia kwenye njia ya hewa upesi kuliko uji mzito. Akikohoa, au sauti ikitoka kama yenye maji kooni, acheni na mwiteni muuguzi. Mpira ubaki mpaka ionekane anakula walau nusu ya mahitaji yake kwa mdomo.

Na supu ya kuku inayoletwa: mchuzi ni maji na chumvi, protini imebaki kwenye nyama sufuriani. Isageni hiyo nyama ndani yake. Mwenye figo zilizofeli asipewe madafu wala juisi ya bitiruti bila kuuliza; potasiamu yake inaweza kusimamisha moyo.

Tunachoomba kwa Wizara ya Afya na waganga wafawidhi ni mambo machache. Chati ya ICU iwe na mstari wa mililita, kilokalori na protini zilizoagizwa, na mwingine wa zilizoingia kweli. Ofisa lishe awe kwenye raundi ya madaktari. Ndugu aruhusiwe kumlisha mgonjwa wa wodini hata nje ya saa za kuona wagonjwa, kwa sababu mtu asiyeweza kuinua kijiko hawezi kushiba kwa milo mitatu. Anahitaji midogo sita. Na karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani iandikwe uzito wa siku hiyo, aina ya uji na vipimo vyake, na tarehe ya kurudi kupimwa uzito.

Maofisa lishe na wauguzi wa wagonjwa mahututi,
Dar es Salaam