Usifyeke lantana, ing'oe

Fort Portal

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Unasema shamba lako la Masindi, upande wa msitu wa Budongo, limemezwa na lantana, kile kichaka vamizi, na vijana wako tayari kulifyeka. Tafadhali wazuie kwanza.

Lantana ikifyekwa, kisiki huchipua matawi mengi kuliko ya awali. Hata moto huiacha hai. Uhai wake uko kwenye lile fundo ambapo shina hukutana na mizizi, sentimita chache chini ya udongo. Kata matawi, bakiza kisiki cha kufika gotini ili upate pa kushika, halafu chimba kwa sururu kukizunguka mpaka fundo litoke zima. Kazi hii ingoje mvua ilowanishe ardhi. Kwenye udongo mkavu mzizi hukatikia njiani. Mashina yarundike mizizi ikitazama juu, maana yakilala kwenye udongo mbichi huota tena. Wahi kabla matunda ya kijani hayajawa meusi, kwani ndege huyala na kusambaza mbegu. Ng'ombe nao wasisogelee rundo: majani huharibu ini, kisha ngozi huungua juani.

Ila kabla ya yote, pita humo ndani polepole ukitafuta miche ya miti ya asili kama musizi, musambya na mugavu, na kila mmoja uufunge kitambaa chekundu. Mche uliojiotea hapo umeshika mizizi tayari. Panga likiukata, umepoteza bure.

Usiache ardhi wazi. Mwanga ukiingia, mbegu za lantana zilizolala udongoni huamka. Panda miti ya asili msimu uleule, mita 3 kwa 3, yaani miche kama 450 kwa ekari. Musizi utangulie kwa sababu hukua haraka na kuleta kivuli, lakini usijaze huo peke yake. Mvule uchanganye na miti mingine: ukiwa mwingi juani, kuna mdudu anayefanya vinundu kwenye machipukizi mpaka ncha zife.

Ile miti vamizi ya sena yenye maua ya njano usiiue kwa kuikata, itachipua. Bandua gome kuzunguka shina lote, kuanzia urefu wa mita 1 hadi ardhini. Ukisahau hata ukanda mwembamba kama kidole, mti utaendelea kuishi kupitia hapo. Ukibanduliwa vizuri hukauka ukiwa umesimama, na miche iliyo chini yake huzoea jua kidogo kidogo.

Mwaka wa kwanza rudi kila baada ya miezi miwili, ung'oe vichipukizi vya lantana kwa mkono vikiwa bado laini.

Kuhusu malipo, usipatane na vijana kwa ekari, watafyeka tu. Walipe kwa kisiki, na uhesabu vile tu vilivyotoka na fundo lake.

Wako,
rafiki yako wa siku zote