Kwa mjomba wangu wa Lindi, kuhusu msalaba

Mjomba, shikamoo.

Lile swali lako la kule msibani sikulijibu, maana msiba si mahali pa mjadala. Uliniuliza kuhusu msalaba ninaouvaa: "Baba yako angeuawa kwa panga, ungelivaa lile panga shingoni?" Wengine walicheka, wewe hukucheka, nami nikajua unataka jibu. Nalijibu hadharani kwa sababu kwetu kusini koo nyingi zina watu wa msikitini na watu wa kanisani, na swali hilo nimelisikia kwenye mikeka mingi likiachwa hivi hivi.

Kwanza nikupe haki yako. Wakristo wa mwanzo hawakuwa na desturi ya kujionyesha na msalaba. Walichora samaki, nanga, mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Kule Roma, kwenye kilima cha Palatino, kuna mchoro wa kale uliokwanguliwa ukutani: mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na maneno ya kumdhihaki Mkristo mmoja, kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Yesu msalabani, amechongwa kwa heshima mahali pa wazi, tunaanza kumwona karne ya 5, kama kwenye milango ya mbao ya kanisa la Santa Sabina hukohuko Roma. Na Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi kuwa habari ya Kristo aliyesulubiwa ni kikwazo kwa Wayahudi na upuzi kwa Wayunani. Kwa hiyo kushangaa kwako kuna wenzake wengi.

Kusulubiwa kulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Mwaka 71 KK, uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa, Warumi walisulubisha watu 6,000 kando ya barabara itokayo Capua kwenda Roma, ili kila apitaye aone na aogope. Wewe jambo hilo unalielewa kuliko mimi. Ndiye uliyenisimulia habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje mwaka 1895 kwa kuupinga utawala wao, na mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga hadi leo. Sijawahi kukusikia ukiisimulia habari hiyo kwa kuona haya. Kitanzi kile unakihesabu kuwa aibu ya waliokifunga. Basi Yesu naye aliuawa na dola ya wageni, chini ya Pontio Pilato, na shitaka likaandikwa juu ya kichwa chake: Mfalme wa Wayahudi. Ndiyo maana siukubali usemi kwamba msalaba ni kitu cha Wazungu. Ni kweli, huku kwetu wamisionari wa Kijerumani waliuleta wakati bendera ya Ujerumani inapepea, na mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto na watu waliochoshwa na utawala ule. Lakini aliyetundikwa pale ni mzawa wa nchi iliyotawaliwa, na wenye nyundo ni askari wa mtawala.

Ingeishia hapo, Yesu angekuwa shujaa kama Makunganya, nasi tungemkumbuka na kumheshimu tu. Imani yetu inadai zaidi, na hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Naijua aya ya 157 ya Sura An-Nisaa, kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Sikuandikii nikubadilishe, mjomba. Nataka ukikataa, ukatae kile tunachokiamini kweli, si kile kinachotoka kwenye vipaza sauti vya mikutano ya mahubiri.

Maana huko mikutanoni utasikia kwamba Mungu alijaa hasira, akatafuta wa kumpiga, akampiga mtoto asiye na kosa, hasira ikatulia. Naumia kila ninapolisikia. Mungu wa namna hiyo hata mimi nisingemwendea. Yesu wa Injili ya Yohana anasema juu ya uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Na Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Ndani yake, mjomba. Hakuwa amekaa pembeni akitazama damu ya mwingine.

Unakumbuka ule moto wa kusafishia shamba ulipomponyoka kaka, ukaingia kwa jirani ukateketeza mikorosho? Jirani hakumfuata kaka. Alikuja kwako, kwa kuwa sisi Wamwera mtoto ni wa ujombani. Ulimsikiliza mpaka mwisho, hukubishana naye hata neno moja, na korosho zako za msimu ule ukazitoa. Kaka alisamehewa, lakini msamaha ule ulikuwa na uzito na kuna mtu aliyeubeba. Wewe huniambia kila siku kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Nakubali, hakuna awezaye kutwishwa dhambi ya mwenzake kwa nguvu. Ila wewe hakuna aliyekutwisha. Mfano huu hata hivyo haufiki mwisho: wewe ulimlipa jirani, kumbe msalabani aliyekosewa na aliyelipa ni yuleyule. Hilo ndilo tunaloliita neema.

Yesu anaanza kuwasamehe waliomsulubisha misumari ikiwa bado mikononi: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Mhalifu aliyetundikwa kando yake anaahidiwa pepo siku hiyohiyo, bila muda wa kutenda jema hata moja. Kisha inakuja ile sauti iliyoandikwa na Marko katika sura ya 15: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22. Mdogo wangu alipofariki nilikaa muda mrefu bila kuweza kusali. Watu walinifariji kwa kuniambia ni mapenzi ya Mungu, na maneno hayo hayakunifikia. Kilichonifikia ni kwamba Yesu mwenyewe aliuliza "mbona", kwa sauti kuu, mbele za watu, na hakukemewa. Kama Mungu ameingia mpaka mahali hapo pa kuachwa, basi sikuwa peke yangu pale.

Kwa hiyo Ijumaa Kuu ukipita huku kwetu Ndanda ukatukuta kwenye foleni, usidhani tunaabudu mti. Altare imevuliwa vitambaa vyote, kengele hazilii, misa haisomwi. Kina mama wanavua kandambili, wanainama, wanabusu miguu ya Yesu wa mpingo, na padri anafuta kwa kitambaa cheupe kabla ya anayefuata. Miguu ile inang'aa kuliko mwili wote. Anayebusiwa ni yule aliyekubali kukaa mahali pa mwenye kosa. Mimi huinama kwa hilo, na rozari yangu naivaa kwa hilo.

Lipo neno lako jingine, kwamba Mungu hawezi kumwacha mtumishi wake mikononi mwa maadui. Nasi tunasema hakumwachia huko, na jibu letu ni siku ya tatu. Hilo ni refu. Nitashuka Lindi mvua zikipungua, tukae tuliongee, na hiyo aya ya An-Nisaa unisomee na kunieleza kama mnavyoielewa ninyi.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mpwao,
Ndanda